Siku nne Muttrah, kuanzia Jumatano

Muttrah, huko Oman, ni bandari iliyobanwa. Mbele ni Bahari ya Oman, nyuma majabali meusi yasiyoota hata kichaka, na katikati ukanda mwembamba ambamo nyumba nyeupe zimepandiana mpaka pale mwamba ulipokataa. Kwa mtu wa miguu hakuna sehemu ya jiji inayoifikia. Ila suala la majina liwekwe sawa mapema. Jiji zima la leo huitwa Maskati, nalo limetambaa makumi ya kilomita kando ya barabara kuu. Mwenyeji akisema Maskati huenda anakusudia ule mji mdogo wa ngome na kasri ulio ng'ambo ya kilima kinachofuata, kilomita tatu na kitu kutoka Muttrah. Ukimwambia dereva wa teksi "Maskati" tu, utashushwa mbele ya lango la kasri huku mizigo yako ikitakiwa kuwa upande wa pili wa mlima.

Siku ya kufika ina uzito kuliko hoteli utakayochagua. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi soko limefungwa, makumbusho yamefungwa, na barabara zimelala mpaka baada ya sala. Anayetua Alhamisi usiku na kuondoka Jumamosi anarudi na picha za milango iliyofungwa. Ratiba hii inaanza Jumatano na kuiachia Ijumaa asubuhi mlima, kwa kuwa mlima haufungwi. Saa zilizotajwa ni za Disemba. Novemba hadi Januari hakuna tofauti kubwa. Kuanzia Mei majabali hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo hata saa nne usiku kuta za vichochoro bado ni moto ukizigusa. Ramadhani nayo ina hesabu zake: mchana hakuna kula wala kunywa hadharani, hata kwa asiyefunga, na maisha yote huhamia usiku.

JUMATANO: kufika na kornishi

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam huchukua saa tano na nusu hivi, na saa ya Oman iko mbele kwa saa moja. Raia wa nchi zaidi ya mia huingia bila visa kwa siku 14. Wengine huomba visa kwa mtandao katika mfumo wa polisi wa Oman, na hiyo ipatikane kabla ya kulipia tiketi.

Rial moja ina baisa 1,000 na ni sawa na dola 2.60 za Marekani, siku zote, kwa sababu imefungwa kwenye dola. Noti za baisa 100 na 500 ndizo zenye kazi mtaani. Mwenye kibanda cha chai hana chenji ya rial 20, na akiwa nayo hatafurahi kuitoa.

Kutoka uwanjani hadi Muttrah ni kilomita 35 hivi. Teksi kwa programu ya simu hutoza karibu rial 10. Mabasi mekundu ya Mwasalat ni nafuu mno: panda linalokwenda Ruwi, kisha badili uchukue namba 4, linalopita Muttrah na kuishia Al Alam huko Maskati ya kale. Kasoro yake ni muda, na mzigo mkubwa ni tabu wakati wafanyakazi wanaporudi makwao.

Hoteli chache zimejipanga barabarani zikitazama maji. Chumba cha mbele kina bandari nzima dirishani, na magari mpaka usiku wa manane. Cha nyuma kina ukuta wa jabali na utulivu. Anayelala kwa shida achukue cha nyuma, kwani bahari ni ya bure ukivuka barabara.

Jua huzama saa kumi na moja na dakika ishirini hivi jioni, kwa hiyo saa kumi uwe umeshatoka. Kornishi, yaani njia ya kando ya bahari, inaanza soko la samaki na kwenda mpaka Riyam, kilomita tatu za sakafu pana yenye viti na vibanda vya kivuli. Anza upande wa samaki, ili mwanga wa jioni uwe mgongoni na uangukie nyumba za mbele, zenye roshani za mbao zilizochongwa. Mtu wa Mji Mkongwe atazitambua kabla hajaambiwa kitu.

Nyuma ya safu hiyo, karibu na msikiti wenye mnara wa buluu, kuna lango la Sur al-Lawatia. Sur ni ukuta, na ndani yake ni mtaa wa Walawatia, Mashia wenye asili ya Bara Hindi walio na undugu na Makhoja wa pwani yetu. Lango liko wazi na linavutia, ila huo ni mtaa wa watu. Wakazi hawataki wageni wapite humo kutalii. Ishia mlangoni.

Bandarini mizigo haishushwi tena kama zamani. Meli za makontena zilihamishiwa bandari ya Sohar mwaka 2014, na Mina Qaboos, ndiyo bandari hii ya Muttrah, ikabakia na majahazi, jahazi la kifalme na meli kubwa za watalii. Hizo za watalii zichunguzwe. Ukiona moja imetia nanga asubuhi, soko litajaa watu elfu kadhaa kwa wakati mmoja na bei zitakuwa ngumu kama jabali. Nenda soko jioni, meli ikishaondoka.

ALHAMISI: samaki, ngome, soko

Soko la samaki lichangamkiwe saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne kilichobaki ni barafu na mabaki. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2017, kazi ya wasanifu wa Snøhetta kutoka Norway, na paa lake la mbavu za alumini linapinda kama wimbi na kuruhusu hewa ipite. Lipo kwa sababu hiyo zaidi ya uzuri. Mezani utaona nguru (wao humwita kanad), jodari, changu, ngisi, na papa wadogo. Ukitaka kununua, samaki hupimwa mzima, kisha unampeleka upande wa wakataji, ambao hutoza ujira wao peke yake. Mwambie mkataji unavyotaka kabla hajaanza, maana kisu chake hakisubiri. Viatu vya wazi havifai, sakafu ni maji matupu. Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza, mzee wa mezani hukubali kwa kutikisa kichwa.

Kifungua kinywa kipo nje kidogo: chai ya karak, ya maziwa na iliki, kwa baisa 100 au 200, na chapati iliyopakwa jibini laini na kunyunyiziwa vipande vya Chips Oman kisha ikakunjwa. Inasikika kama utani wa watoto. Ni tamu.

Kutoka hapo panda ngome ya Muttrah kabla jua halijakaza. Ngazi ziko upande wa kornishi, ni za mawe na hazina kivuli, na zile za ndani ya minara ni nyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa ubavu. Mwenye magoti mabovu aishie uwanja wa kwanza, kwani bandari yote inaonekana pale. Ngome hii inahusika na pwani ya Afrika Mashariki kuliko vibao vya maelezo vinavyoonyesha. Mwaka 1581 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliipora Maskati mikononi mwa Wareno. Wareno wakaamua kujenga ngome za mawe huku, na kazi hiyo ikafanyika katika miaka ya 1580. Nahodha yuleyule akashuka pwani ya Waswahili mara mbili, na mara ya pili, mwaka 1589, akakamatwa Mombasa. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Mtu mmoja aliwatia hofu ya kujenga pande zote mbili za bahari. Waomani waliwang'oa Wareno Maskati mwaka 1650, na Fort Jesus ikaangukia mikononi mwao mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu.

Saa saba hadi saa kumi mji hulala. Nawe lala.

Soko hufunguliwa tena saa kumi hivi na kuendelea mpaka saa nne usiku. Jina lake la zamani ni Souq al-Dhalam, soko la giza, kwa kuwa vichochoro vilifunikwa hata mchana watu wakawa wanatembea na taa. Leo paa ni la mbao na taa zipo kila kona. Lango kuu ni la kornishini. Hatua mia za mwanzo ni za watalii: taa za shaba, shali "za pashmina" ambazo nyingi ni nyuzi za kiwandani, na ngamia wa kitambaa. Pita moja kwa moja. Ndani zaidi ndiko kuna dhahabu, vitambaa, masufuria, viungo, na wanawake wa mjini wakibishana bei kwa Kibaluchi na Kihindi. Wauzaji wengi wametoka India na Bangladesh, hivyo usishangae Kiarabu chako kikijibiwa kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kipo, zaidi midomoni mwa wanunuzi wa makamo na wazee: familia zilizokaa Unguja na kurudi baada ya 1964, na wengi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita. Salamu ya "shikamoo" kwa mama aliyesimama kwenye duka la kanga inaweza kukuchelewesha nusu saa.

Vitu vitatu vinastahili jicho la karibu.

Ubani. Wa juu kabisa huitwa Hojari, hutoka Dhofar, nyuma ya milima isiyofikiwa na mvua za kusi. Chukua tone moja ulielekeze kwenye taa. Zuri ni jeupe lenye ukijani, mwanga unapenya kama kwenye barafu chafu kidogo, na ukilisugua kwa kidole linatoa harufu ya limau. La kahawia au jekundu, lenye vumbi na maganda ya mti, ni la bei ya chini, na kwa kufukiza bafu halina ubaya. Kosa la wengi ni kununua mfuko uliokwishafungwa, ambao juu ni Hojari na chini ni mchanganyiko. Mwambie muuzaji apime kutoka kwenye gunia, mbele yako. Nyumbani, makaa yawe yamefunikwa na jivu jeupe pande zote ndipo uweke tone kwenye chetezo. Ukiweka mapema, hasa kwenye yale makaa ya duara yanayojiwasha, utanusa baruti badala ya ubani. Na makaa hayo yanayojiwasha hayaruhusiwi ndani ya ndege. Wakaguzi wanayatoa.

Kofia. Waomani huiita kumma, nasi tunaiita kofia ya viua, na si ajabu kwani imevuka bahari hii mara nyingi. Ya mashine ni rial chache. Ya mkono inaanzia makumi ya rial, kwani kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kazi ya wiki nyingi. Namna ya kujua ni kuigeuza ndani nje. Mashine inaacha uzi mrefu unaoruka kutoka ua hadi ua, mkono unaacha vifundo vidogo visivyolingana sawasawa. Kisha iinue kwenye taa: vitundu vya mkono viko wazi kabisa, vya mashine vingi vimezibwa na nyuzinyuzi. Jua pia kipimo cha kichwa kwa sentimita, kwani kofia hii haivutiki.

Fedha. Mikufu na vikuku vya zamani vya Oman viliyeyushwa kutoka riale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, na mara nyingi riale nzima zimening'inizwa kwenye mkufu. Muuzaji atakuonyesha mwaka 1780 kama ushahidi wa ukale. Si ushahidi wa chochote: riale hizo zimeendelea kupigwa chapa miaka mia mbili na zaidi, zote zikiandikwa 1780. Tazama badala yake mkufu wenyewe, kama viungo vimelika pale vinaposuguana. Na jambia lolote, hata la pambo, liende kwenye mzigo wa chini wa ndege.

Bei ya vitu vya watalii hushuka robo au zaidi ukiwa na subira. Ubani mzuri na dhahabu hushuka kidogo tu, na kung'ang'ania ni kujichosha.

IJUMAA: juu ya mlima

Kabla barabara ya pwani haijachongwa, watu wa Riyam na Muttrah walipitana juu ya jabali. Njia hiyo leo inaitwa C38 na imewekewa alama ya rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, zilizopakwa juu ya mawe. Urefu ni kilomita mbili na nusu hivi, lakini usiuhesabu kwa kilomita. Ni saa moja na nusu hadi mbili.

Anzia Riyam, karibu na bustani yenye chetezo kikubwa cheupe kileleni, wala si Muttrah. Sababu ni mbili. Ukianzia Riyam unapanda kwenye ngazi za mawe ukiwa na nguvu, halafu unashuka ukielekea chai. Pia mwanzo wa njia upande wa Riyam una kibao, ilhali upande wa Muttrah umejificha nyuma ya nyumba na watu huuzunguka bila kuuona. Uwe kwenye ngazi saa moja asubuhi, jua likiwa ndio kwanza linachomoza. Ukifika saa tatu mwamba mweusi umeshaanza kutoa joto kutoka chini, na hapo kofia haikusaidii.

Vya kubeba: maji lita mbili kwa mtu, viatu vya soli ngumu yenye meno, kofia pana, simu yenye chaji. Kandambili zimewarudisha wengi njiani, kwa sababu mwamba huu hupasuka vipande vikali vinavyoteleza juu ya vingine.

Kupanda ni robo tatu ya saa, na kwenye mgongo wa mlima unaona Riyam upande mmoja na bandari upande wa pili. Baada ya hapo njia inashuka ndani ya wadi, korongo ambalo ni kavu mpaka siku ya mvua. Hapa ndipo watu hupotea. Alama za rangi huonekana vizuri kwa anayetazama mbele, ila kwenye korongo mawe makubwa huzificha na vijia vya mbuzi hukuvuta pembeni. Kanuni ni rahisi: ukitembea dakika tano bila kuona rangi, rudi mpaka alama ya mwisho. Usijaribu kukatiza. Chini zaidi kuna magofu ya makazi ya kale yenye kuta za mawe na mfereji wa maji, na vidimbwi vinavyobaki kutegemea mvua. Mawe yamelainishwa na maji hapo, yanateleza hata yakiwa makavu. Mwisho unapita makaburi, vaa na nyamaza inavyostahili, kisha unaibukia kwenye nyumba za nyuma ya soko.

Mvua ikiwa imetabiriwa, hata ya kutwa moja tu, acha kabisa. Maji ya milima yote hiyo hukusanyika kwenye korongo hili, na korongo linatokea mjini, ndiyo maana soko la Muttrah hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Jabali halinywi maji. Mawingu yanaweza kuwa mbali, na bado maji yakashuka kwenye wadi kama ukuta mzima.

Mchana baada ya sala mji unaamka pole pole. Jioni ni ya mishkak, mishikaki ile ile unayoijua, kwenye mkaa kando ya barabara, inayoliwa na mchuzi wa ukwaju na pilipili. Familia zote hushuka kornishi jioni hiyo na maegesho hujaa, hivyo mwenye gari la kukodi aliache alikolipaki.

JUMAMOSI: Maskati ya kale

Namba 4 hadi Al Alam, au miguu kupitia Riyam kwa saa moja hivi. Ingia kwa lango lililo juu ya barabara. Mpaka 1970 malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alilazimika kushika taa.

Kasri la Al Alam, la mwaka 1972, halifunguliwi kwa wageni. Utalipiga picha getini, dhahabu na buluu, kisha zunguka nyuma mpaka majini, ndipo utaziona ngome mbili zikiwa zimelikumbatia: Mirani magharibi na Jalali mashariki, zile za hofu ya Mir Ali Bey. Kwenye miamba ya bandari yamepakwa majina ya meli zilizowahi kutia nanga, kazi ya mabaharia wasio na shughuli.

Makumbusho ya Taifa yako mkabala na kasri, yalifunguliwa 2016, nayo yanadai saa mbili na nusu za dhati. Asiye na muda huo aende moja kwa moja kwenye ukumbi wa mabaharia na ule wa Oman na dunia, ambako habari ya Sayyid Said na Unguja imewekwa upande wa pili wa meza kuliko tulivyoizoea. Bait Al Zubair, hatua chache kutoka hapo, ni ndogo na ina mavazi na majambia mazuri zaidi. Bait Faransa, ubalozi mdogo wa Ufaransa tangu 1896 hadi 1920, ifikie kwa ajili ya nyumba yenyewe: ua wa katikati, roshani za ndani, dari za magogo. Mabega na magoti yafunikwe kote huku.

Rudi Muttrah alasiri ununue halua, ikiwa kitu cha mwisho kabisa. Hupikwa saa mbili na zaidi kwenye sufuria la shaba, wanga, sukari, samli, iliki, maji ya waridi, zafarani ikiwa ya bei, na mwiko usiosimama. Omba kuonja ya zafarani na nyeusi kabla ya kuchagua. Ikiwa bado ya moto, iache bakuli wazi hotelini mpaka ipoe ndipo ufunike, vinginevyo mvuke unageuka maji juu yake. Usiitie friji, samli hugandamana ikawa kama mshumaa. Na kwenye ndege iwekwe kwenye mzigo wa chini: wakaguzi wa uwanjani huihesabu kama kitu cha majimaji, na kilo mbili za halua hazina mjadala na kikomo cha mililita mia.